Ishara ya Susu Imefika Mwingi

Mdogo wangu Mwende,

Baridi ya huko Mbooni inawatesa? Hapa Mwingi jua ni kali. Kadi haina bahasha, kwa hivyo ukishaisoma iingize kifuani haraka.

Leo watoto viziwi wameonyesha michezo yao ya kuigiza. Mutheu wangu amesimulia kwa ishara vile mama yetu, Susu wake, alimfundisha kusuka kiondo. Mikono ilikuwa inaongea mpaka nikalia. Lakini unajua vile nyumbani tunamwita Susu: vidole viwili puani, kama mtu anayenusa ugoro. Mutheu hajui jina lingine! Amelirudia mbele ya ukumbi mzima, na Mama Pasta wetu wa huko Mbooni, aliyekuja kutazama, ameketi mbele kabisa. Susu ni kiongozi wa akina mama kanisani, na kumbe ananusa ugoro! Si atatengwa?

Tulipotoka, Mama Pasta akanishika mkono. "Hiyo ya puani ni nini?"

"Ni jina la Susu tu," nikasema.

"Basi Jumapili nitamsalimia hivyo," akasema, akajaribu ile ishara mwenyewe. Lakini kabla ya kupeleka vidole puani, aligonga kwanza kifuniko cha mkebe usiokuwepo, polepole, kwa ukucha. Mutheu hakuwa ameonyesha hiyo.

Mungu awafunike nyote, na watoto wasilale njaa. Nilitaka umwambie Susu auzike ule mkebe wake wa ugoro. Sasa mwambie aujaze.

Dada yako,
Kalondu