Shingo ya Redio

Jumatatu, 3 Machi

Leo jicho la kushoto la mume wangu limezimika. Yuko kazini kwake, mashine ya kunyolea mkononi, mteja kitini — mara giza. Anasema ni kama mtu kashusha pazia. Halafu pazia likapanda lenyewe, naye akaendelea kunyoa! Mteja wa watu kaondoka na sharubu upande mmoja. Na haya yote hakuniambia mpaka jioni, mdomo umejaa chakula, anacheka. Mimi nikasukuma sahani.

Watu wanamwita Redio, na si bure. Anaongea akipiga mswaki. Kinyozi asiyeongea, anasema, huyo ni mkata nyasi. Kisa chake kikubwa ni cha yule mteja aliyekurupuka kitini na nusu ya ndevu, akatoka mbio na kitambaa shingoni. Nakisikia tangu uchumba. Huwa namkatiza palepale kwenye kisa mteja anapofika mlangoni, namwambia nakijua, kalete maji.

Leo hata sikumkatiza. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naangalia jicho.

Kesho hospitali. Amekataa. Nimemwambia atakwenda.

Jumanne, 4 Machi

Amekwenda.

Walimpaka ute wa baridi shingoni, wakapitisha kile kidude cha ultrasaundi, kama wanavyowapima wajawazito. Redio akauliza kama ni wa kike au wa kiume. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Daktari wa mishipa ni mtu mpole, anaongea polepole. Kasema ndani ya mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto, kuna kitu kimejigandisha, njia ya damu imebaki nyembamba. Lile jicho kuzimika ni kipande kidogo kilichomeguka kikapita huko. Ultrasaundi imeonyesha njia ni nyembamba, lakini haijasema vizuri hicho kitu kimeumbwa na nini. Nikamwambia, baba, nieleze kama unamweleza mtu wa jikoni, shule niliiacha mapema. Akafikiri. Akasema kuna kilicho kigumu kama ukoko wa sufuria, hicho kimeshika na kimetulia. Na kuna kilicho laini, mafuta na damu ndani, juu yake utando mwembamba kama wa maziwa yaliyochemka. Utando ule ukipasuka, vipande vinapanda kichwani. Kiharusi.

Kikiwa ukoko, vidonge vitatosha. Yakiwa maziwa, atapasuliwa shingo, na haraka. Kujua ni kipi, lazima apigwe picha kwa ile mashine ya sumaku, MRI.

Nikauliza kama anaruhusiwa kupiga chafya. Daktari kasema apige tu. Hata hivyo pilipili yote nimeitoa jikoni.

Jumatano, 5 Machi

Nimemkataza tai, shati la kola, na kugeuza shingo ghafla. Sasa akiitwa anageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Wateja wanamuuliza ana jipu wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu ya leo nitazikwa nayo.

Mpiga picha ni binti mdogo tu, anatuita baba na mama. Akamwambia Redio atoe kila chuma. Ukatoka mkanda, ikatoka saa, zikatoka funguo. Nikajua tumemaliza. Kumbe mfuko wa shati una wembe! Binti akaupokea kwa vidole viwili.

Akatueleza. Mashine ni tundu refu, inapiga kelele kama watu wanatengeneza mabati. Masikio yatazibwa. Shingo itafungiwa kifaa cha kunasa picha. Kazi yake yeye ni moja — shingo isicheze. Asiongee. Hata mate ajizuie kumeza mpaka kelele zikatike. Redio akasema, mwanangu, hilo dogo.

Mimi nikakaa na binti nyuma ya kioo. Mashine ikaanza, pu pu pu pu. Na Redio akaanza. Akiona kelele inazidi, naye anapandisha! Spika ikatuletea yote: mteja, ndevu nusu, kitambaa shingoni. Binti akabonyeza kitufe, akamwomba kwa adabu asiongee. Redio akajibu, "Sawa mwanangu, namalizia."

Hakumaliza. Binti alisimamisha mashine mteja alipofika mlangoni.

Picha zimetoka ukungu mtupu. Shingo moja inaonekana tatu. Turudi Jumatatu.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, mimi nilidhani ni mafumbo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata akili. Mtoto haingii mtihani bila kufanya mazoezi. Na huyu ni mtoto.

Nimemlaza chini ya meza ya chakula, hilo ndilo tundu. Ndoo kuukuu nimeikata kitako, nikamvisha, hicho ndicho kifaa cha shingo. Masikioni pamba. Binti yetu mkubwa ni fundi cherehani, kaja na cherehani yake ya mkono, akaiweka juu ya meza ile ile, anaizungusha kwa mkono ili mbao zitetemeke. Mimi nikachukua sufuria na mwiko. Pu pu pu pu. Akifungua mdomo, naacha sufuria nagonga ndoo.

Tukiwa katikati ya kazi, wifi akaingia bila hodi, kama kawaida yake. Akaona miguu ya kaka yake imetokeza chini ya meza, kichwa kimo ndani ya ndoo, hajitikisi, na mimi juu yake na mwiko. Akakaa chini palepale mlangoni. Ilibidi apewe maji.

Alipopata sauti akasema, "Kaka yangu nilikukabidhi akiwa mzima." Binti yangu akajaribu kumweleza kuwa ni matibabu. Wifi akasema hata waganga wana aibu, wao hufunga mlango. Redio hakusema kitu. Ndoo kimya! Nilijisikia fahari kama nimemsomesha chuo kikuu.

Wifi kabla ya kuondoka kaniita pembeni. Anataka kujua kama ni kweli anaweza kupasuliwa shingo. Nikamwambia ndiyo. Akachukua mwiko mkononi mwangu, akaenda kupiga sufuria yeye.

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi tena. Hasemi, hatikisiki. Leo nilipiga sufuria mpaka mkono ukafa ganzi, naye tuli! Nikachungulia. Kalala fofofo. Nimeona ni dalili njema, mwili umezoea.

Jumatatu, 10 Machi

Mwili umezoea.

Mashine ilipoanza pu pu pu, Redio akalala palepale, kama mtoto aliyebembelezwa. Nikamwambia binti wa picha, unaona kazi yangu. Sikumaliza kujisifu, spika ikaleta mkoromo. Si mkoromo wa adabu. Ule wa trekta linalopanda mlima! Na kila akivuta pumzi shingo inapanda, inashuka, inapanda.

Binti akanigeukia. "Mama, mlimfanya nini huyu?"

Nikaeleza. Meza, ndoo, cherehani, mwiko. Binti aliinamisha kichwa kwenye meza yake, mabega yanatikisika. Nikadhani namliza. Kumbe anacheka hadi machozi.

Picha za leo pia ni bure. Akiwa macho anaongea, akinyamaza anakoroma. Binti akasema ipo njia moja. Mimi niingie chumbani, nikae miguuni pake, nimshike kidole gumba cha mguu. Akianza kusinzia, nifinye. Nikamuuliza hiyo sumaku haitanivuta mimi? Akasema inavuta chuma tu, mama.

Mimi nina wasiwasi na kijiko nilichomeza utotoni. Kilikuwa kidogo. Nadhani kilitoka.

Jumatano, 12 Machi

Kijiko nilimwambia binti. Alinipiga picha ya kawaida ya tumbo kwanza. Hakimo.

Nilivua pini za nywele, hereni, hata sidiria kwa sababu ya vile vikulabu. Nikavaa joho la hospitali lililo wazi mgongoni, nikaingia kinyumenyume ili watu wa nje wasione neema.

Ndani kuna baridi. Simwoni Redio, naona miguu tu, soksi moja imetoboka — na mimi ndiye mkewe, sijui wamesema nini! Nikashika kidole. Pu pu pu pu. Mguu ukalegea, nikafinya. Ukashtuka, ukatulia. Ukalegea tena, nikafinya. Baadaye nilifinya bila sababu, nilikuwa na hofu tu. Naye akakunja kidole, akakibana kidole changu, akakiachia. Sikumfundisha hilo. Tukaenda hivyo. Mimi nafinya, yeye anajibu. Nadhani hatujawahi kuelewana vizuri kiasi kile.

Kisha wakamchoma dawa ya kung'arisha picha, kelele zikaendelea, zikaisha.

Picha zimetoka safi. Binti alituonyesha mshipa, duara dogo kama shanga. Redio akauliza, sasa hapo, ni ukoko au maziwa? Binti akasema daktari ndiye atakayesoma. Kasema hivyo anatabasamu. Lakini alipogeukia kioo cha kompyuta tena, nilimwona ameacha kutabasamu. Akamwita mkubwa wake. Wakasimama wawili, wanaongea chini chini, wananyooshea kidole mahali pamoja.

Redio naye aliona.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari kapiga simu. Tulipangiwa wiki ijayo. Kasema tuje kesho.

Wifi kanipigia. Mteja kamwambia kuwa leo Redio kamnyoa mwanzo hadi mwisho bila neno, akadhani amemkosea, akaomba radhi. Nyumbani pia hivyo hivyo. Kala, kanawa, kakaa. Nimemchokoza, nimemwambia habari za jirani ambazo si za kweli. Wapi! Huyu mtu ambaye nimeomba anyamaze tangu niolewe.

Ijumaa, 14 Machi

Tupo kwenye benchi, nje ya mlango wa daktari. Naandika nipate kushika kitu.

Redio kanyooka kama mgomba, hageuzi shingo. Nimemuuliza, we baba, mbona umenifungia kituo? Akanijibu kwa pumzi, midomo haichezi, "Naogopa nikiongea utando utapasuka."

Kumbe ndiyo maana. Siku mbili hizi mtu alikuwa amebeba maziwa.

Nikamwambia daktari hakukataza kuongea. Hata chafya karuhusu. Nimevua kiatu, nikaweka mguu wangu juu ya wake, nikabonyeza. Akabonyeza.

Mlango umefunguka. Ni daktari mwenyewe, hakumtuma nesi. Mkononi ana ile picha. Amesema, "Karibu baba. Na mama pia uingie."

Redio amesimama. Amekwenda mpaka kizingitini, akashika mlango. Sasa amesafisha koo.

"Daktari, kabla hujasema. Kuna mteja wangu mmoja alikurupuka kitini na nusu ya ndevu."

Daktari ametazama picha, akanitazama mimi. Anangoja nimkatize. Mimi nimekaa tu hapa benchini, naandika. Daktari akaegemea ukuta, akamwambia haya, ikawaje?

Sauti imerudi. Mikono imerudi. Kitambaa kiko shingoni, mteja anakimbia. Amefika mlangoni.

Mteja ameuvuka mlango. Yuko barabarani, na mimi kwenye kisa hiki huko sijawahi kufika.