Robo Tatu ya Mililita

Ediofe, Arua
Jumapili

Mama,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa hapa hakuna wa kuniona. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na kikohozi cha Baba kimekwisha, au bado anakuficha?

Kwenye simu kila mara nasema niko sawa, maana nyuma yako nasikia wateja. Ndiyo sababu naandika, kwa Kiswahili chako cha shule ya Kongo ulichonifundishia kusoma. Siko sawa, Mama. Niko mpweke. Mwenzangu wa chumba alihama. Majirani ni watu wema, ila wanaongea Kilugbara haraka mno. Wakicheka nami nacheka, bila kujua tunamcheka nani. Leo baada ya misa nilitembea taratibu makusudi, labda mtu angeniita. Hakuna aliyeniita.

Sasa nikuambie nililokuficha. Mwezi uliopita, hapa chuo cha uuguzi, nilifeli mtihani wa hesabu za dawa. Ukikosa swali moja tu, huruhusiwi kumgusa mgonjwa; ukifeli mara ya pili, unarudi nyumbani. Nililokosa ni hili: mtoto ana kilo sita, kila kilo ipewe miligramu tano, na dawa ya sindano ina miligramu themanini katika mililita mbili. Nikapata miligramu thelathini, yaani robo tatu ya mililita. Sahihi kabisa. Halafu nikaandika mililita moja.

Mwalimu akaniita mbele, akaniuliza kwa Kiswahili cha mitaani cha hapa: "Hii robo ingine natoka wapi?"

Nikamjibu kweli: "Madam, ni nyongeza."

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Wewe nafikiri hapa iko soko? Nyongeza yako itaharibu figo ya mutoto."

Nimekulia sokoni nyuma ya meza yako ya simsim, Mama. Unajaza kopo, halafu unatia konzi moja juu, hata kwa mteja anayekutukana. Mkono wangu haukujua kuishia kwenye mstari. Tangu siku hiyo wananiita Nyongeza.

Nilikazana. Nilivuta maji kwa bomba la sindano mpaka mstarini, nikamwaga, nikavuta tena, nikijisomea hesabu kwa sauti. Alhamisi nilirudia mtihani na nimepata yote. Nilitaka kumkumbatia mtu, nikamkosa.

Ijumaa wakanipeleka wodi ya watoto. Mama mmoja kutoka upande wa Kongo alikuwa na mtoto anayechemka homa. Nikapima dawa ya maji, sista akakagua. Yule mama akanishika mkono.

"Binti, ongeza kidogo tu. Mutoto yangu iko mugonjwa sana."

"Hapana, mama. Hii iko ya kutosha."

Akaniangalia kama mchuuzi mchoyo. Homa ilishuka baadaye, lakini yale macho bado ninayo. Sijawahi kuona mtu akikuangalia wewe hivyo.

Nisalimie Baba, na kaka anayeendesha boda, apunguze mwendo. Msalimie na shangazi anayeuza samaki mkabala nawe. Mwambie hata harufu yake naitamani.

Unga wa muhogo umekwisha. Ukinitumia mwingine, jaza kopo, kisha utie konzi yako juu. Hapa hakuna anayeniongezea.

Binti yako,
Poni