Ile Alama ya Moto Kwenye Nyumba ya Kaburu

Mama Njeri wangu,

Ni mimi, Mama Jebet, jirani yako wa ng'ambo ya ua. Najua uko mahali posta haifiki. Lakini Jebet aliniachia daftari la mtoto wake na kalamu, nami nimekaa hapa jikoni nikuandikie vile mkono utaweza. Usiangalie makosa. Unajua niliachia shule darasa la nne, na wewe ndiwe ulikuwa unanisomea barua zangu.

Kwanza salamu. Baba Jebet anakusalimu sana. Goti linamsumbua wakati wa baridi, lakini bado anafika kwa ng'ombe na kurudi. Jebet anakusalimu kutoka Kapsoya. Ana watoto wawili, na huyo mkubwa ana pengo la meno ya mbele kama lako kabisa, sijui alilitoa wapi, nikimwangalia nacheka peke yangu. Kibet anakusalimu, ako Moi's Bridge kwa watu wa kununua mahindi, hajaoa, anasema nisimsukume. Mama mkwe bado yuko. Macho yamekwisha, lakini akisikia mlango anauliza kama ni wewe umeleta majani chai. Tumemwambia mara nyingi ulifariki huko Nakuru. Anasema sawa. Halafu kesho anauliza tena. Shemeji Kiplagat, ndugu ya Baba Jebet, pia anakusalimu. Salamu zake ni ndefu, nitazifikia.

Sasa habari. Ile nyumba ya mawe ya kaburu, ile Baba Jebet alikuwa analinda na kuweka funguo, siku hizi ni makumbusho. Ndiyo, watu wanatoka mbali kuja kuangalia kitanda cha mzungu aliyekufa. Paa limepakwa rangi, kuna kibao barabarani, na kamati, na Kiplagat ameingia kwa kamati. Mimi nafagia na kupikia wageni chai. Kijana mmoja anaitwa Rotich ndiye anatembeza watu. Ana koti la bluu na mdomo mtamu. Anaanzia veranda, anawaambia vile makaburu walikuja na magari ya ng'ombe, anaingia sebuleni, anaonyesha bunduki na Biblia, halafu anawapeleka kile chumba cha katikati, kile hakina dirisha.

Unakijua.

Anasimama hapo, anawaonyesha ile alama nyeusi kwenye mbao za sakafu. Anasema bibi ya kaburu alikuwa anapiga nguo pasi ya makaa, akasikia mtoto wake amefia vitani, pasi ikamwanguka ikachoma mbao. Wageni wanafanya "aii". Wengine wanapiga picha. Mama Njeri, mara ya kwanza nilisikia hiyo hadithi nikiwa na ufagio mkononi, nikashika ukuta. Alama ni ya mviringo, na kando yake kuna alama tatu ndogo za miguu. Pasi gani iko na miguu mitatu? Hakuna mgeni aliwahi kuuliza.

Hapo ndipo nilianza kuwaangalia watu vibaya. Nikajiambia, huyu kijana hakuota hiyo hadithi, kuna mtu alimpa. Na mtu wa kumpa ni yule anataka ya kweli yafichwe. Kila siku ya kamati napeleka chai, nachelewa kuondoa vikombe nisikie wanasema nini. Mwenyekiti akinyamaza nikiingia, naandika kwa moyo. Mgeni akiinama sana kuangalia ile alama, najiuliza ametumwa na nani. Na Kiplagat, kila akinipita kwa mlango ananisalimu akiangalia chini.

Unakumbuka ni yeye tu alinikuta njiani ile siku ya tatu ya kujificha kwenu. Uchaguzi ulikuwa umeharibika, nyumba za watu wa kabila lenu zinachomwa mpaka kule chini kwa shule, na nyinyi mko ndani ya nyumba ya kaburu, wewe na Baba Njeri na watoto watatu, kwa sababu niliiba funguo kwa koti la mzee wangu. Nilikuwa nimebeba gunia kichwani na sufuria mkononi. Kiplagat akauliza, shemeji, unapikia nani chakula yote hiyo? Nikasema vibarua. Akaangalia gunia, akaangalia mimi. Mwezi huo, kibarua ni nani?

Mchana, saa tisa, wale wachomaji wakaja. Nilisikia lango likivunjwa nikiwa kwangu. Ninyi mkatokea nyuma, mkapita kwa mabua, na Baba Njeri akabaki kushika mlango ili mpate nafasi. Alikuwa mtu mpole, hata kuku alikuwa anaita jirani achinje. Sijui nguvu ya kushika ule mlango aliitoa wapi. Walipomtoa hapo alikuwa bado anapumua. Hakufika hospitali.

Jioni yake polisi wakawapakia kwa lori kwenda kambi ya wakimbizi, kule uwanja wa shoo. Nilikuja mpaka karibu na gurudumu, nikaita jina lako. Ulinitazama. Hukupunga mkono. Lori likaenda. Sijakuona tena, na huo uso ndio nimelala nao na kuamka nao miaka hii yote.

Basi nikaamini ni Kiplagat aliwaita, nikamchukia. Nilimpa chakula kama shemeji, kwa maana mila ni mila, lakini sikuwahi kumchekea. Akiwa mgonjwa nilipeleka uji nikauweka kwa mlango. Baba Jebet akauliza mbona nina roho hiyo kwa ndugu yake, nikasema muulize mwenyewe.

Sasa sikiliza ya juzi. Kamati ilipanga siku kubwa, kwaya, hema, wanafunzi, watu wa kaunti. Siku moja kabla yake wakagundua popo wamejaa kwa dari la kile chumba cha katikati, kinyesi kinaangukia sakafu. Wafanyakazi wakasema dawa ni moshi. Wakachukua debe, wakajaza magunzi ya mahindi, wakawasha, wakafunga mlango. Mimi nilikuwa nimetumwa kule langoni kufunga mabaluni. Kiplagat alikuwa amenishikia ngazi.

Mwanamke mmoja kwa laini ya kisiagi, pale ng'ambo ya barabara wanasaga unga, akapiga kelele ati nyumba inaungua. Nikageuka.

Mama Njeri, moshi ulikuwa unatoka juu ya paa, chini ya mabati, pande zote mbili, mweupe, mzito, umesimama kama mtu. Kwangu hauonekani kwa sababu ya ile miti mirefu ya ua. Lakini barabarani, kwa kisiagi, mpaka kule kwa kona, kila mtu alikuwa ameinua kichwa.

Kiplagat hakuangalia moshi. Aliniangalia mimi.

"Ilikuwa hivi," akasema.

Nikamuuliza hivi nini.

"Nilikuwa hapo kwa laini siku ile. Wote waliuona. Nilikimbia nije niwaambie wazime, nikapata wamefika mbele yangu."

Nikamwambia, na miaka hii yote umeniacha nikuchukie, wewe mtu gani?

Akafunga baluni moja pole pole. "Magunzi ulipeleka wewe, Mama Jebet. Ningekuambia nini? Nikaona afadhali unichukie mimi." Halafu akasema hadithi ya pasi ni yake pia. Rotich alimuuliza hiyo alama ni ya nini, nami nikiwa chumba cha pili nafagia, akatoa ya kwanza iliyokuja kichwani.

Nilikaa chini kwa nyasi na nguo yangu nzuri. Kwa sababu nilikumbuka yale nilikuwa nimeyasahau, ama niliyafukuza. Makaa ya lile jiko lako la miguu mitatu yalikuwa yamekwisha. Wewe uliangalia lile gunia ukaniuliza, "Hizi si zitatoa moshi?" Na mimi nikakucheka. Nikakwambia, "Chumba hakina dirisha, moshi utaenda wapi? Pika, watoto wapate kitu cha moto." Nilisema hivyo mimi na mdomo wangu, ukaniamini.

Siku kubwa ikafika. Rotich akaingia na watu wengi kile chumba, mimi nyuma yao na sinia ya vikombe. Akaanza ya pasi. Nikasema, "Rotich mwanangu, hapo si pasi." Kila mtu akageuka. Sikujua kuongea mbele ya watu, nilisema tu vile ilitoka: kwamba hapo mama mmoja alipikia watoto wake uji wakati watu wanawindwa, kwamba aliyeleta magunzi ni mimi, na kwamba bwana yake alishika huo mlango wanaoegemea mpaka watoto wakapita.

Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Walidhani ni mchezo wa kuigiza, ati sehemu ya programu. Mzee mmoja tu hakupiga. Aliondoa mkono wake kwa mlango kama umemchoma, akatoka nje. Sijui ni huzuni ama anajua kitu. Nimeuliza jina lake, hakuandika kwa kitabu cha wageni.

Mwenyekiti ameniita mara mbili. Anataka kujua nimetumwa na nani, na mbona sasa, na kama kuna mtu wa uchaguzi nyuma yangu. Nimemwambia nilitumwa na gunia. Hakucheka. Pengine watanifukuza. Lakini Rotich alinifuata jikoni, bila maneno yake matamu, akasema ametoa ile kadi ya maelezo ya pasi iliyokuwa kando ya alama na kuweka nyingine haina maandishi. Anataka jina la Baba Njeri aliandike hapo. Kiplagat amesema atasimama kwa kamati aseme alichoona. Ndiyo salamu zake, anakuomba msamaha kwa vile miguu yake haikukimbia vya kutosha.

Jina sijampa. Si langu. Nimepigia Njeri, akisikia sauti yangu anakata. Simlaumu. Mtoto hukata simu kwa vile alisikia mama yake akisema juu yangu, ama kwa vile mama yake hakusema.

Kwa hivyo niambie, dada. Ulipokuwa kwa lori ukanitazama, ulifikiri ni mimi niliwaita? Kama ulifikiri hivyo, hukukosea sana. Lakini sikujua. Nakuapia kwa watoto wangu, sikujua.

Lala, Mama Njeri. Mimi nakuahidi hivi: nikiwa na ufagio ama bila, hakuna mtu atasimama tena hapo aseme ni pasi. Na nitapanda gari niende Nakuru, nikae kwa mlango wa Njeri mpaka afungue, anipige kama anataka, halafu nimwambie yote vile nimekuandikia.

Ila nitangulie kusikia kutoka kwako. Nitumie neno, kwa ndoto, kwa mama mkwe anayekuita kila siku, kwa njia yoyote, lakini usikawie. Jumamosi wanakuja wageni wengine, na kadi iko tupu.

Ni mimi,
Mama Jebet