Kikao cha Dharura Kuhusu Oili Chafu Kijitoni, Mtaa wa Sakina

KAMATI YA KULINDA KIJITO
Jumamosi, 12 Aprili 2025, ukumbi wa kanisa

Waliohudhuria: Ndg. Sumari (Mwenyekiti), Ndg. Hatim (Katibu), Bi. Naisiae (mfugaji), Bi. Resiato (mkulima wa mboga).
Mwalikwa: Ndg. Lesian, mwenye gereji. Shemeji yake Mwenyekiti.
Asiyehudhuria: Ndg. Yoeli (bila taarifa, kama kawaida).

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao na kuwataka wajumbe wasitajane majina. Bi. Naisiae alisema bila majina hakuna kikao.

KUMB. NA. 2/2025: KIFO CHA NG'OMBE
Bi. Naisiae alieleza kwamba ng'ombe wake wa maziwa, aliyekuwa akisomesha watoto, alikufa baada ya kunywa maji ya kijito. Daktari wa mifugo alipompasua alikuta oili tumboni. Bi. Resiato aliongeza kwamba mchicha wake unanuka dizeli na wateja wameukimbia.

Ndg. Lesian alijibu kwamba mvua inabeba uchafu wa barabara nzima, na yeye hanyeshi mvua. Bi. Naisiae alisimama: "Ng'ombe wangu hakunywa barabara, Lesian. Amekunywa oili yako!" Mwenyekiti alimwamuru akae. Hakukaa.

KUMB. NA. 3/2025: UKAGUZI
Mvua kubwa ilianza. Bi. Resiato alidai wajumbe waende gereji sasa hivi. Mwenyekiti alipendekeza wasubiri ikatike. Hakuungwa mkono na yeyote.

Nyuma ya gereji wajumbe waliwakuta mafundi wakimwaga pipa la oili chafu mtaroni, maji yakiizoa kuelekea kijitoni. Fundi mmoja alisema ndivyo walivyoagizwa: wamwage mvua ikinyesha.

Mwenyekiti aliwaamuru mafundi waache kumwaga. Kisha akatamka kwamba gereji ifungwe hadi lijengwe shimo la kunasa oili, na taarifa ipelekwe kata.

Ndg. Lesian: "Shemeji, unanifungia mimi?"
Mwenyekiti: "Nimekutetea mbele ya hawa mama, kumbe unanifanya mjinga. Funga."

KUMB. NA. 4/2025: FIDIA
Ndg. Lesian aliahidi kumpa Bi. Naisiae mtamba mwenye mimba. Mwenyekiti alimwomba apokee ili yaishe. Bi. Naisiae aliuliza: "Nikishampokea, nimnyweshe wapi?"



KUMB. NA. 5/2025: KUFUNGA
Kikao kilikomea hapo mtaroni, saa 11:20 jioni, wajumbe wakiziba mdomo wa mtaro kwa viroba vya mchanga.

Sumari, Mwenyekiti ................
Hatim, Katibu ................