Ukurasa wa Maalim Haroub

Mlandege, Unguja

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi hii ya Songea? Na kikohozi cha baba, amekubali kwenda hospitali au bado anakitibu kwa tangawizi na ubishi? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala katika chumba changu juu ya duka la vitambaa, na kila asubuhi naamshwa na makufuli ya maduka yakifunguliwa. Moyo ndio mgonjwa, mama, na sitakuficha.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana shangazi anawaambia watu natengeneza kompyuta. Sitengenezi kompyuta. Nawasaidia walimu wa chuo kikuu kupanga kurasa za masomo yao mtandaoni, ili mwanafunzi akifungua ajue somo linaanzia wapi na kazi ya wiki ni ipi, na asiyeona naye apate kilichomo. Wewe ulifundisha darasa la kwanza miaka yote ile ukiandika ubaoni huku unatamka kila unachoandika. Kazi yangu ni hiyo hiyo, ila haina chaki.

Kuna mwalimu wa historia hapa, mzee mpole, anaitwa Maalim Haroub. Ana mwandiko ambao sijapata kuona mfano wake. Anaandika somo lote kwa mkono, kwa kalamu ya wino, kama baba yake alivyokuwa akinakili vitabu, kisha anapiga picha na kuziweka mtandaoni. Na alikuwa na mwanafunzi, Zuwena, binti wa Chwaka, asiyeona tangu utotoni. Zuwena husoma kwa simu inayomsomea kwa sauti, lakini simu ile haisomi maandishi yaliyo ndani ya picha. Akifungua ukurasa wa Maalim inamwambia neno moja tu: picha. Akishuka chini: picha. Akishuka tena: picha.

Nilifanya semina. Walimu walikuja, wakanywa kahawa, wakala halua, wakanishukuru kwa maneno ambayo hata harusini sijayasikia. Nilisema kurasa ziwe wazi zaidi, zisomeke na kila mtu. Sikumtaja mtu. Basi Maalim akaenda zake nyumbani, na Ramadhani nzima, kila baada ya sala ya alasiri, akayaandika upya masomo yote kwa herufi kubwa zaidi, vichwa vya habari kwa wino wa kijani, na mawaridi pembezoni. Akayapiga picha tena.

"Umeona, mwanangu?" akaniambia, uso umemng'aa. "Sasa hata bibi yako huko bara atayasoma bila ya miwani."

Mama, mimi unayeniita cherehani kwa kusema, nilisimama pale nikamjibu, "Mashaallah, maalim, umejitahidi." Ningesema nini? Mzee amefunga na bado ameshinda na kalamu mkononi! Nikaenda kumwomba Zuwena tufuatane tukamwoneshe. Alikataa katakata.

"Hasha, dada. Mtu mzima hafedheheshwi. Mie ntawaomba wenzangu wanisomee."

Wenzake walimsomea, mwanzo kwa furaha, kisha kwa haraka, kisha wakawa na mitihani yao wenyewe. Mimi nikawa najiambia nitamweleza Maalim wiki ijayo. Siku ya mtihani wa historia Zuwena hakutokea. Alikuwa amekwisha kurudi Chwaka, na katika chuo hiki asiyefika kwenye mtihani bila ruhusa jina lake linaondolewa.

Maalim mwenyewe ndiye aliyekuja ofisini kwangu. "Yule mtoto wangu wa masuali yuko wapi? Anaumwa?"

Hapo ndipo nilipofungua ukurasa wake na kuiwasha ile sauti ya simu. Picha. Picha. Picha. Aliisikiliza mpaka chini kabisa.

"Mlikuwa mnajua?"

"Ndiyo, maalim."

"Wewe na yeye?"

"Ndiyo. Tulikustahi."

"Mmenistahi mimi, mtoto mmempoteza." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Aliniomba nimfundishe kurekodi. Akayasoma masomo yote, moja baada ya jingine, polepole, kama anavyosomesha darsa msikitini kwake, akirudia kila jina la mtu na la mahali. Alipokohoa aliomba radhi humo humo ndani ya rekodi.

Tukaziweka rekodi hizo kwenye ukurasa wake, na Jumamosi nikazipeleka Chwaka. Nilimkuta Zuwena uani na wifi zake, wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Aliniambia kazi hiyo haihitaji macho, ndiyo maana baba yake amemchagulia. Nikaiweka simu katikati yao. Hakuacha kufunga. Alisikiliza somo la kwanza lote. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia tutakata rufaa, nitakwenda naye kwa wakubwa wa chuo, lakini nilipomtazama usoni nikaishia kumwongezea sauti ya simu.

"Anasoma vizuri," akasema. "Mwambie asiziondoe. Atakuja mwengine."

Nimerudi mjini, na tangu hapo nakaa mbele ya kurasa za walimu wengine, zimejaa picha vilevile, na mkono hauendi. Najua cha kuwaambia. Moyo wa kuwaambia ndio sina. Nikimwona Maalim napita ujia mwingine kwa aibu, na nadhani naye anafanya hivyo hivyo. Ninalia, mama, tena mchana, ofisini, mlango nimeufunga kama mtoto aliyevunja chungu.

Nisalimie baba, na umwambie madaktari hawang'ati. Nisalimie shangazi, aendelee tu na habari zake za kompyuta. Nisalimie kaka na mkewe, na mtoto wao mchanga ambaye bado sijambeba, na mama yangu wa ubatizo anayeniombea kila Jumapili, mwambie asipunguze.

Ulisema nafasi ya ualimu pale shuleni kwenu bado ipo. Sijui kama nikija nitakuwa nimerudi nyumbani au nimekimbia. Wewe uliyenizaa unanijua. Ukinijibu, mama, nakuomba usinistahi.

Mwanao,
Leonia