Hatua ya Ishirini na Tano

Mama, shikamoo.

Selae. Tangu asubuhi sauti hiyo haijanitoka masikioni. Ni ishirini na tano kwa lugha ya kisiwa cha Bali, na aliyeitamka ni Wayan, mzaliwa wa huko, jirani wa Mama Mdogo hapa mtaani Koekelberg.

Tangu Mama Mdogo aanguke, daktari amesema asipoweza kutoka mlangoni pake hadi kwenye lifti kwa miguu yake, atahamishiwa nyumba ya wazee. Wiki nzima amekuwa akiishia hatua ya ishirini. "Bon, panatosha," anasema, na kugeuka turudi ndani. Silali vizuri.

Leo Wayan alimhesabia kwa lugha yake. Ishirini kwao ni makumi mawili, duang dasa. Kisha huja selikur, dualikur, telulikur, zote na mkia uleule, nikadhani nimeshajua zinavyokwenda. Kwenye ishirini na tano mkia ukakatika: selae, jina lake peke yake. Mama Mdogo alishangaa hata akasahau kwamba ameshaipita ishirini.

"Nyingine yenye jina lake ni ipi?"

"Thelathini na tano."

"Inaitwaje?"

"Ifikie kwanza, maman, ndipo nikuambie."

"Una roho mbaya wewe," akasema Mama Mdogo, ameegemea ukuta, anacheka.

Lifti iko mbele kidogo ya hatua ya thelathini na tano. Bado naogopa, Mama. Akianguka tena sijui itakuwaje. Msalimie Baba, na habari ya nyumba ya wazee usimwambie. Tiketi yangu ya kurudi nyumbani Jumamosi nimeshaiahirisha.