Unga wangu ni mmoja

Alhamisi, Buyenzi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, avenyu yetu ni tope tupu. Moyo wangu umenuna kama hali ya hewa. Naandika kabla ya Magharibi, unga bado umo kwenye nywele.

Leo nimekataa kazi.

Ngoja nieleze. Nilianza kupika chapati mlangoni kwangu na kikaango kimoja, tukikanda kwa mkono, mimi na wifi yangu Mwajuma. Mafundi wa gereji wakazipenda, halafu kafe za mjini zikaanza kuagiza, halafu shule. Alhamdulillahi. Lakini riziki iliongezeka, mikono haikuongezeka. Mwajuma alifika mahali hawezi kujifunga kilemba kwa maumivu ya viganja. Mimi nami nikiinua mikono kuomba dua, inatetemeka.

Ndiyo nikanunua mashine ya kukandia, ya umeme, imekuja na lori kutoka Dar.

Nakiri, mwanzo niliiharibia sifa mwenyewe. Sisi tulizoea kukanda mpaka mkono uchoke, hapo ndipo tunajua unga umekubali. Sasa mashine haichoki! Nikaiacha izunguke, nasubiri ichoke, chapati zikatoka ngumu ajabu. Fundi mmoja akainyanyua yake juu, "Mama Zuhura, hii ni ya kula ao ya kuziba tairi?" Gereji nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Sasa naizima mapema, na chapati ni laini, zinachambuka tabaka kwa tabaka. Yule fundi anakula tatu.

Basi asubuhi akaja Bi Mwamvita. Kesho baada ya swala ya Ijumaa anamsomea marehemu mama yake hitma ya Qur'ani, kama kila mwaka. Huyo marehemu ndiye aliyenifundisha kukanda, nilipokuwa bibi harusi mpya hapa mtaani, na chapati za hitma yake napika mimi. Bi Mwamvita akaketi, akaitazama mashine kama anamtazama mke mwenza.

"Za mama utakanda kwa mkono. Hiyo kitu haisemi Bismillahi."

"Nasema mimi, Bi Mwamvita. Sibonyezi kabla sijaisema."

"Apana, mudogo wangu. Za kafe fanya unavyotaka. Hizi ni za dini."

Hapo ndipo paliponichoma. Mwajuma, maskini, alikuwa ameshainuka kwenda kuchukua beseni. Kwa heshima aliyonayo kwa wakubwa, angekanda huku machozi yanamtoka. Nikamwambia, keti. Kisha nikamjibu mgeni wangu, kwa adabu lakini nikamjibu: unga wangu ni mmoja. Sina unga wa Mungu na unga wa wateja. Kama chapati hizi hazina baraka, basi nisimuuzie mtu yeyote, hata yule wa kafe asiyejua kibla kiko upande gani.

Akaondoka bila kwaheri. Nasikia ameshaagiza kwa mwingine, avenyu ya nyuma. Na maneno yameanza: Mama Zuhura siku hizi anajifanya mzungu.

Na waseme.

Tulipoacha kusaga mahindi kwa jiwe, nani alilia? Msikiti wenyewe una kipaza sauti, na sijaona adhana imepungua utamu. Umeme ukikatika tutakanda kwa mkono kama zamani, sina kiburi. Lakini viganja vya Mwajuma havitatolewa kafara ili mtu aridhike, wakati mashine iko pale na umeme upo.

Kinachoniuma ni marehemu tu. Nimemuwaza mchana kutwa. Kitu alichokuwa akinisisitizia zaidi ni kwamba unga lazima upumzike kabla ya kusukumwa. Kama unga una haki ya kupumzika, mkandaji je?

Kwa hiyo nimekata shauri. Kesho baada ya swala ya alfajiri nitasema Bismillahi, nitabonyeza, na nitazipika za hitma. Sikuagizwa na sitaki malipo. Nitazipanga kwenye sinia, nizibebe mwenyewe mpaka kwa Bi Mwamvita, niseme mbele ya wote: hii ni sadaka ya mwalimu wangu, Mungu amrehemu.

Chapati za biashara anaweza kuzikataa, ni haki yake. Sadaka ya mama yake mzazi aikatae, mbele ya watu ambao Qur'ani bado imo midomoni mwao, nimwone.